Pua za Kukodi

Wale mliokuwa nami juma lililopita mnakumbuka tulipoachana: bwana harusi kushoto, bibi harusi kulia, mimi jicho kwenye kamera nahesabu moja, mbili, na kabla sijafika tatu dari ikapasuka na fundi wa mabomba akatua katikati yao, kakumbatia kipande cha bomba kama mtoto mchanga.

Picha ile ilitoka vizuri. Maharusi wameitundika sebuleni.

Kwa aliyechelewa: mimi ni mpiga picha. Studio yangu ni chumba cha mbele cha nyumba ninayoishi. Kuna kaunta, pazia la buluu la picha za pasipoti, kiti cha kuzunguka ambacho hakizunguki, na sasa tundu darini. Naishi na binti wa marehemu dada yangu, ana miaka kumi na mitano. Tunamwita Kijiko, kwa kuwa utotoni alikuwa haachi kijiko hata akilala. Mimi mtaa mzima unaniita Mama Picha, ingawa sikuzaa mtoto wala picha.

Fundi aliahidi kuziba tundu kwa siku moja. Tangu hapo, mwezi mzima sasa, kila asubuhi anapanda ngazi, anagonga kidogo, anashuka, ananiuliza kama nimeshakunywa chai. Dari haiishi. Nami nikajitia hamnazo, maana chai ya kunywa peke yangu nilikuwa nimeichoka.

Basi Jumatano, nikiwa naosha vikombe viwili, Mwalimu Mkuu wa shule ya wasichana anakosoma Kijiko akaingia na bahasha. Ni mama mrefu, mwenye sauti ya chini inayokulazimisha uiname ili usikie unavyokaripiwa.

Akaweka picha moja juu ya kaunta.

“Mama Picha, huyu ni nani?”

Nikatazama. Kidevu kimechongoka kama kona ya bahasha, pua nyembamba kama penseli, macho makubwa kama ya mtu aliyepewa habari mbaya.

“Simjui, Mwalimu.”

Akaweka nyingine. “Na huyu?”

“Si ndiye yule yule?”

“Na huyu?”

“Mwalimu, mbona unanionyesha mtu mmoja?”

“Hilo ndilo watu wa mitihani wanaloniuliza. Darasa langu zima limeandikishwa kwa sura moja. Wanasema nimewapelekea mapacha, na mapacha wa namna hii hakuna tumbo la kuwabeba.”

Nikageuza ile picha. Nyuma kulikuwa na muhuri wangu, umekaa sawasawa, unang'aa.

“Jumatatu,” akasema, “picha zisipofika zenye nyuso zao, mtihani hawafanyi. Hakuna hata mmoja.”

Picha zile nilizipiga mimi, lakini wasichana niliowapiga walikuwa na pua. Pua za kila aina, pua zenye wenyewe.

Nyuma ya pazia la buluu kitu kikaanguka.

“Mama Picha,” akasema Mwalimu Mkuu bila kugeuka, “pazia lako lina miguu.”

Kijiko akatoka, macho chini.

“Nilizisafisha tu,” akasema.

“Ulisafisha nini?”

“Nyuso. Wenyewe waliniomba. Kuna programu, iko kwenye kompyuta na hata kwenye simu, unachagua sura ya yule dada wa kwenye tamthilia, inafanya yenyewe.”

Mwalimu Mkuu akanigeukia mimi.

“Utawapiga upya Jumamosi. Na kabla hujawapiga, uzungumze nao.”

“Nizungumze nini, Mwalimu?”

“Kwamba wana nyuso. Mimi nimesema mpaka sauti imekauka. Nikisema, wanaandika. Hawasikii, wanaandika tu.”

Alipoondoka nikamfuata Kijiko jikoni. Nilikuwa nimejiandaa kufoka, lakini simu yake ikalia. Akainyanyua, akaivuta pua kwa ndani kama anayezuia chafya, akajipiga picha yeye na birika, akaipitisha kwenye programu ile ile, akaituma.

“Unamtumia nani birika?”

“Prinsi.”

“Prinsi ndiye nani?”

“Mtu wangu.”

“Na birika la nini?”

“Ili ajue kweli niko jikoni. Jana alisema picha niliyomtumia ilikuwa ya juzi, tukagombana mpaka usiku. Sasa lazima niweke kitu pembeni.”

Nilicheka. Kisha nikaona yeye hacheki, nikaacha.

“Kijiko, mtu wako anakulinda au anakuhesabu kama mbuzi?”

“Ana wivu kwa sababu ananipenda, mama mdogo. Kama Tajiri.”

Hapo ndipo nilipolazimika kumjua Tajiri. Ni yule bwana wa tamthilia inayofanya mtaa mzima uache vyombo bila kuoshwa. Kijiko alinisimulia huku macho yanang'aa. Tajiri alimwachisha mpenzi wake kazi bila kumuuliza. Akamhamishia kwenye jumba lenye geti la chuma. Siku moja alimkuta anaongea na simu, akaichukua ile simu na kuitupa kwenye bwawa la kuogelea. Na alipopata habari kwamba dada wa watu kalazwa, akaenda hospitali kwa farasi.

“Farasi aliingia wodini?”

“Alikuwa na haraka.”

“Na wauguzi?”

“Walilia, mama mdogo. Kila mtu alilia. Mimi mwenyewe nilisema laiti ningependwa hivyo.”

Ningemkataza tamthilia, angeitazama kwa jirani. Ningemnyang'anya simu, ningekuwa Tajiri, tena bila farasi.

Jumamosi wakaja darasa zima, wakajaa studio mpaka kaunta ikawa benchi. Mbele kabisa alikaa rafiki yake Kijiko wanayemwita Redio, kwa sababu hazimiki. Fundi alikuwa darini, miguu inaning'inia.

Nikaanza. Nilikuwa nimejiandaa siku mbili. Nikawaambia picha za kwenye magazeti zinatengenezwa, ngozi inapakwa, viuno vinakatwa, taa zinadanganya. Nikawaambia uzuri ni tabia. Msichana mmoja akapiga mwayo nikaona mpaka koromeo. Wengine walikuwa wanaandika.

“Mama Picha, usichukie,” akasema Redio. “Unaongea kama tangazo la chanjo.”

Juu darini mtu akacheka.

Damu ikanipanda. “Fundi, shuka.”

“Nimefanya nini?”

“Shuka.”

Akashuka, nywele zimejaa vumbi. Nikachukua shuka jeupe la kufunikia taa, nikamfunga begani kama gauni. Sikujua ninachofanya, lakini nilikuwa nimeshaanza.

“Wewe ndiye mpenzi wake Tajiri,” nikamwambia. “Na wewe Redio ndiye Tajiri. Tuonyesheni hayo mapenzi.”

Redio hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Akasimama juu ya kiti, akakunja mikono kifuani, akashusha sauti mpaka miguuni.

“Ulikuwa wapi?”

Fundi akanitazama. Nikampa ishara ajibu.

“Nilikuwa kwa mwenye duka la vitambaa,” akasema. “Choo chake kimeziba.”

“Kwa nini hukupokea simu?”

“Mkono ulikuwa ndani.”

“Ndani ya nini?”

“Ndani ya choo.”

Wasichana wakavunjika mbavu. Mmoja alianguka kutoka kwenye kaunta. Redio mwenyewe alikuwa ameuma midomo, lakini alishikilia uso mkavu.

“Ulikuwa na mwanamume?”

“Nilikuwa na wanaume wanne. Wote wanataka kutumia choo.”

“Nipe simu yako.”

“Hii hapa.”

Redio akaipokea, akanyoosha mkono kwa madaha, akaitupa. Nadhani alilenga mto. Ikaingia kwenye ndoo ya maji ya kuchanganyia plasta. Ikasema chubwi.

Kicheko kikaisha kama taa iliyozimwa.

Fundi akapiga magoti na gauni lake, akaitoa simu inatiririka maji meupe. Akaifuta kwa shuka. Akaibonyeza. Haikuwaka. Akaibonyeza tena.

“Samahani,” akasema Redio kwa sauti yake mwenyewe. “Nilikuwa naigiza.”

“Najua, binti yangu. Ndivyo anavyofanya huyo Tajiri?”

“Ndivyo.”

“Na yule dada alifanyaje?”

“Alitabasamu. Halafu muziki ukapigwa.”

Fundi akatega sikio kidogo. “Mimi sisikii muziki,” akasema. “Humu mna namba za wateja wangu wote. Na mna sauti ya mama yangu ananiimbia siku ya kuzaliwa. Alifariki mwaka jana.”

Hakuna aliyeandika.

Msichana mmoja nyuma akauliza, polepole, kama anajiuliza mwenyewe: “Baada ya simu kutupwa, yule dada alikuwa anampigia nani?”

Wote wakamtazama Redio, maana tamthilia yote ilikuwa kichwani mwake. Redio akafikiri. Alifikiri mpaka akashuka kwenye kiti.

“Hajampigia mtu,” akasema. “Mwanzoni alikuwa na rafiki, yule wa nywele fupi. Siku hizi hayupo. Hata mama yake hatujamwona tangu aingie kwenye jumba.” Akanyamaza, jambo ambalo kwa Redio ni tukio la kihistoria. “Kumbe kafungiwa. Miezi yote hii namtazama mfungwa.”

Hapo simu ya Kijiko ikalia.

Akaisoma. Nikamwona anatafuta kitu cha kuweka pembeni ya uso. Wenzake wakamwona pia.

“Anasemaje?” akauliza Redio.

“Anataka picha. Sasa hivi. Ionyeshe niko na nani.”

“Tumtumie,” akasema Redio.

Wakajipanga wote, Fundi katikati na gauni lake lililolowa, simu iliyokufa mkononi. Kijiko akapiga, akatuma. Jibu likaja hata hajateremsha mkono. Akalisoma kwa sauti: “Huyo mwanamume ni nani. Toka hapo. Nakupa dakika tano.”

“Mwambie ni mpenzi wake Tajiri,” akasema mmoja, wakacheka, lakini kicheko kilikuwa chepesi.

Kijiko hakucheka. Nilitaka kumwandikia mimi, nikajizuia kwa kushika kamera kwa mikono yote miwili. Akaandika taratibu, anafuta, anaandika tena. Alipomaliza akatuonyesha.

“Sitatuma picha tena. Ukitaka kujua niko wapi, niulize. Nikikujibu, niamini. Ukishindwa, basi.”

Akatuma. Tukaingoja simu. Ikanyamaza kimya.

Kijiko akaenda nyuma ya pazia, akalia. Tulimsikia, tukajifanya tunatazama dari. Alipotoka alikuwa amenawa uso. Akakaa kwenye kiti kisichozunguka.

“Nipige, mama mdogo. Hivi hivi.”

Nikaweka jicho kwenye kamera. Pua ile ni ya dada yangu. Pana kidogo, imeinuka mbele kama inayosikiliza. Tangu dada afariki, miaka minane sasa, sikuwa nimeiona ikiwa imetulia. Picha ya kwanza ilitoka na ukungu. Kosa lilikuwa langu, macho yalikuwa yamejaa. Ya pili ikatoka safi.

Wenzake wakafuata mmoja mmoja. Redio alitoka mdomo wazi katika picha zote, tukachagua yenye mdomo uliofunguka kidogo kuliko nyingine.

Jioni wote walikuwa wameondoka isipokuwa Redio. Nilikuwa mtu mwenye furaha, nanyi mnaonijua mnajua furaha yangu haikai. Simu ya Fundi niliilaza ndani ya bakuli la mchele mkavu dirishani. Mwenyewe alikuwa darini anakusanya vifaa. Nikapita pale, nayo ikawaka.

Ujumbe. Umetoka kwa mtu aliyeandikwa “Roho Yangu.”

Nikasoma. Sikupiga hatua ya kuutafuta, ulikuja wenyewe, lakini shingo niliinyoosha mimi. “Umeshamwambia? Usipomwambia leo nakuja mwenyewe.”

Vile vikombe vyote vya chai vikanirudi kooni. Roho Yangu. Na mimi nimeiacha dari iwe wazi mwezi mzima kwa ajili ya mtu mwenye roho yake mahali pengine. Kidole kikaenda chenyewe kwenye jumbe za nyuma.

“Mama mdogo,” akasema Kijiko mgongoni mwangu. “Hiyo simu ni yako?”

Nikashtuka, mchele ukamwagika.

“Naangalia kama imekauka.”

“Imekauka kwenye jumbe?”

Redio akaja kusimama karibu naye. “Tumtafutie Mama Picha farasi,” akasema.

Nikairudisha simu kwenye bakuli. Masikio yalikuwa yanawaka moto. “Sasa nifanyeje?” nikawauliza, mimi mtu mzima.

“Muulize,” akasema Kijiko. “Akikujibu, mwamini. Ukishindwa, basi.”

Nikamwita Fundi. Akashuka. Nikamuuliza wazi, mbele yao, kwa sauti niliyodhani ni ya kawaida: “Simu yako imewaka, nimesoma ujumbe, nimekosea. Roho Yangu ni nani?”

Fundi akabadilika rangi. Akakaa kwenye ngazi. “Nilikuwa nataka nikuambie dari ikiisha.”

“Dari ilitakiwa iishe mwezi uliopita.”

“Ndiyo maana haiishi.”

Kabla sijajibu, mlango ukagongwa na msichana akaingia bila kungoja. Rika la Kijiko, sare ya shule nyingine, nyusi kama za Fundi zimekatwa zikabandikwa.

“Shikamoo mama,” akaniambia. Kisha akamgeukia. “Baba, umeshamwambia?”

Binti yake. Fundi ana binti, na mimi ningepekua jumbe za baba na mwanawe.

“Marahaba, mwanangu. Kuniambia kwamba upo, au kuna jingine?” nikauliza.

Lakini binti hakunisikia. Alikuwa ametazama kaunta, zile picha zilizokataliwa zilipotandazwa. Akachukua moja. Akachukua nyingine. Uso ukamkunjamana.

“Mbona huyu yuko kila mahali?”

“Unamjua?” akauliza Kijiko.

“Nina picha yake. Nimeitazama tangu Jumatano.” Akatoa simu yake, akatuonyesha. Ilikuwa ile sura ya penseli na bahasha, na pembeni yake, birika langu. “Kuna mtu wangu amenitumia. Anasema nikiweza kufanana na huyu, atanitambulisha kwa rafiki zake. Nimebana pua kwa kibanio cha nguo mpaka imechubuka.”

Kweli ilikuwa na alama nyekundu pande zote mbili.

Kijiko akatazama ile pua muda mrefu. “Huyo ni mimi,” akasema.

Binti akamtazama, akatazama simu, akamtazama tena. “Hapana,” akasema kwa upole, kama anayemfariji. “Huyu ana pua nyembamba.”

“Ni mimi. Niliitengeneza. Mtu wako anaitwa nani?”

“Prinsi.”

Redio akapiga kaunta kwa kiganja.

Na hapo simu mbili zikalia kwa pamoja, ya Kijiko na ya binti wa Fundi. Kila mmoja akasoma yake, kisha wakabadilishana, wakasoma tena.

“Malkia wangu wa pekee,” akasoma Kijiko, “sijala tangu asubuhi kwa ajili yako. Nitumie picha moja tu nitulie.”

“Hata mimi ni wa pekee,” akasema binti. “Na kala. Mchana kanitumia picha ya sahani.”

Fundi alikuwa amesimama. Sijui lini alishika spana. Nikamgusa mkono, akaiweka chini.

“Niachieni kwanza,” akasema Kijiko. “Nataka nimuulize mwenyewe. Uso kwa uso, nyinyi mkiwepo.” Akamtazama mwenzake. “Unataka?”

“Nataka.”

Kabla hawajaandika neno, nje tukasikia viatu, na ile sauti ya chini inayokufanya uiname. Mwalimu Mkuu amefuata picha zake za Jumatatu.

“Hodi, Mama Picha,” akasema akiingia. “Nimekuja na mwanangu anibebee mkoba, yuko kwenye simu kutwa nzima, angalau atembee.”

Nyuma yake akaingia kijana mrefu, mkoba wa mama begani, kichwa kimeinama, anaandika. Alipoinua macho, aliona wasichana wawili wamesimama bega kwa bega, kila mmoja na pua yake.

“Prinsi,” wakasema kwa pamoja.

Mkoba ukamponyoka.

Mwalimu Mkuu akautazama mkoba sakafuni. Akamtazama mwanawe, akawatazama wasichana, akaiona ile pua iliyochubuka. Akavuta kiti kisichozunguka, akakaa, akaweka miwani.

“Haya,” akasema. “Nani anaanza?”